Trauti Hashuki Bondeni

Ukishuka mwalo wa Ggaba asubuhi utakuta mputa, ngege, kambare, kamongo na mafungu ya mukene. Trauti hutamkuta, na kosa si la wavuvi wa Ggaba. Maji ya Ziwa Nyanza mbele ya mwalo ule hukaa kati ya nyuzi 24 na 27 takriban mwaka mzima. Trauti akitumbukizwa humo hatasubiri kufa njaa wala kumezwa na mputa. Joto lenyewe litammaliza kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu swali ninalolisikia mara nyingi kwa vijana wa Kampala wanaopenda kupiga kambi ni hili: trauti anapatikana wapi, na ule uvuvi wa kurusha inzi wa manyoya unafanyikaje? Wengi hutarajia jibu la vifaa, yaani ufito gani, kamba gani, duka gani. Vifaa vina nafasi yake na nitavifikia. Lakini anayekielewa kipimajoto ameshaelewa robo tatu ya jambo hili: samaki huyu anaishi wapi, anakula saa ngapi, kwa nini akiachiliwa vibaya hufa, na hata kwa nini kuna maziwa ambayo asipelekwe kamwe.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa naye hupoa, na mwili wake hufanya kazi polepole. Maji yakipata joto, mwili huharakisha na kudai hewa zaidi. Trauti wa upinde, ambaye asili yake ni mito na maziwa ya pwani ya Pasifiki huko Amerika Kaskazini na Asia ya mashariki, hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Yakipita 20 huanza kutaabika, huacha kula na kutafuta kivuli au kijito baridi. Yakifika 25 na kukaa hapo, huwa amefikia mwisho wake. Binamu yake wa kahawia kutoka Ulaya naye hana uvumilivu mkubwa zaidi.

Watu hupenda kusema kwamba maji baridi yana oksijeni nyingi, basi, hoja imekwisha. Haijaisha. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji safi ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 na kidogo za oksijeni, na ya nyuzi 25 hubeba 8 na kidogo. Lakini sisi tunazungumzia milima, na kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na maji hubeba oksijeni kidogo zaidi. Ukipiga hesabu, ziwa la nyuzi 10 lililoko mita 3,000 hubaki na karibu miligramu 8 kwa lita, na Nyanza, iliyoko mita 1,134 na yenye nyuzi 25, hubaki na 7 na ushei. Tofauti ni ndogo mno kueleza kwa nini huku trauti ananenepa na kule anakufa. Kinachomwokoa mlimani ni kwamba mwili wake katika baridi unadai hewa kidogo. Nyuzi kumi zikiongezeka, madai hayo hukaribia kuwa maradufu, na maji hayana cha kumwongezea.

Sasa tazama ramani ukiwa na jambo hilo kichwani. Kampala iko karibu mita 1,200 na wastani wa joto lake ni nyuzi 22 hivi. Hewa hupoteza nyuzi 6 au zaidi kidogo kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ukifika mita 3,000 umebakiwa na nyuzi 11, na hapo ndipo nyumbani kwa trauti. Mstari wake wa chini katika Afrika Mashariki huwa karibu mita 1,800 au 2,000, kutegemea kama mto una kivuli cha msitu au la. Atakayeuliza kuhusu Bunyonyi, iliyoko mita 1,962, ameuliza vizuri, maana kwa mwinuko peke yake ziwa hilo liko mpakani. Tatizo ni kwamba maji yake ya chini hayana oksijeni. Jua likipasha joto tabaka la juu, samaki wa baridi hana pa kuzamia. Maziwa ya kreta ya upande wa Fort Portal yako chini zaidi na yana joto zaidi, kwa hiyo hayo ni ya ngege.

Trauti hakuja huku kwa miguu yake. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyekwisha kujipatia jina kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia wa Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandwa katika mto Gura kwenye safu ya Aberdare, Kenya. Fikiria tu kazi yenyewe: mayai hai yanavuka bahari na Mfereji wa Suez kwa meli, yanapanda reli kutoka Mombasa, kisha yanabebwa hadi kwenye mto wa mlimani, na wakati wote huo hayatakiwi kupata joto. Yai la trauti wa upinde likiwa kwenye maji ya nyuzi 10 huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Likipoozwa zaidi huchelewa, na ucheleweshaji huo ndio uliowawezesha wasafirishaji kufika. Baadaye trauti wa upinde naye akaletwa, mito ya Mlima Kenya ikapandwa, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Kusudi halikuwa kulisha mtu yeyote. Walowezi walitaka burudani ya kwao, na milima yetu ikawapa baridi ya kwao.

Kwa upande wa Uganda, mlima unaohusika ni Elgon. Mto Suam hutoka ndani ya kaldera yake, hupenya korongo lenye chemchemi za maji moto, kisha huwa mpaka kati yetu na Kenya. Una trauti, na samaki hajui mpaka. Lakini Elgon haina maziwa ya kusema. Ina vidimbwi vya juu na vijito vyenye mawe, kwa hiyo anayekwenda huko kupitia Mbale, Kapchorwa na Bukwo anakwenda kuvua mtoni, kwa ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda akiwa ndani ya hifadhi. Anayetaka ziwa, hema na trauti mahali pamoja atalazimika kuvuka Malaba au Busia na kuendelea hadi Mlima Kenya.

Huko kuna maziwa matatu yanayotajwa zaidi na wavuvi. Rutundu liko karibu mita 3,100, upande wa kaskazini-mashariki, na hufikiwa kwa kupitia Nanyuki na Timau. Alice liko juu yake zaidi, kwenye shimo la kilima cha zamani cha volkano, na kulifikia kutoka Rutundu ni kupanda kwa miguu. Ellis liko mashariki, kwenye njia ya Chogoria, karibu mita 3,470. Rutundu lilipata sifa duniani Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate Middleton huko, na tangu hapo picha zake zimekuwa za wachumba kuliko za samaki. Ziwa lenyewe halijali. Ni dogo, maji yake yana rangi ya chai hafifu, kingo zake zina nyasi za mafungu na erika kubwa, na trauti wake wanajua kivuli cha mtu kuliko anavyodhani mgeni.

Suala la kuonekana linahitaji kuelezwa taratibu, maana ndilo linalowarudisha watu wengi kambini mikono mitupu. Mwanga unaoingia majini hupinda. Kwa sababu hiyo samaki akitazama juu haoni anga lote limetandazwa kama tunavyoliona sisi. Huona duara moja la mwanga juu ya kichwa chake, na nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kinachomwonyesha matope na mawe ya chini. Ulimwengu wote wa nje, pamoja na mlima, mawingu na wewe mwenyewe, umesongamana ndani ya duara hilo. Samaki aliyezama mita moja ana duara la upana wa mita 2.3 hivi. Aliyeko sentimita 30 chini ya uso ana duara la sentimita 70 tu. Vitu vilivyo chini sana, karibu na usawa wa maji, vinaminywa ukingoni mwa duara mpaka haviwezi kutambulikana.

Hapo zinatoka kanuni mbili ambazo hakuna duka litakalokuuzia. Ya kwanza, chuchumaa. Mtu aliyesimama wima kwenye ukingo mtupu, amevaa jaketi jekundu, anaonekana kutoka mbali. Yule yule akipiga goti nyuma ya fungu la nyasi, ametoweka. Ya pili, samaki anayekula karibu na uso ana dirisha dogo, kwa hiyo unaweza kumkaribia zaidi, ila chambo chako lazima kitue karibu naye kabisa. Anayekula kina kirefu ana dirisha kubwa. Huyo utamrushia kwa mbali, na hutahitaji shabaha kali.

Trauti wa ziwani ana tabia nyingine inayomtofautisha na wa mtoni. Mtoni mkondo humletea chakula, naye hukaa nyuma ya jiwe akisubiri. Ziwani hakuna mkondo, kwa hiyo lazima azunguke, na huzunguka kwa njia zake. Hupita kando ya ukingo pale kina kinapoanza kushuka ghafla, huzurura mbele ya mdomo wa kijito kinacholeta maji baridi na wadudu, na upepo ukivuma hufuata upande unakosukumiwa vitu vinavyoelea. Mgeni hufika, hurusha katikati ya ziwa kwa nguvu zake zote, na samaki wanapita mita nne kutoka miguuni pake. Kaa chini kwanza. Tazama maji muda wa chai moja kabla ya kufungua mkoba.

Anakula nini? Kwa sehemu kubwa anakula wadudu wa majini kabla hawajawa wadudu wa hewani. Mkazi wa Entebbe anayajua mawingu ya visubi vya ziwani vinavyoinuka kama moshi juu ya Nyanza na kuingia hadi kwenye ugali. Jamaa za visubi hivyo wako pia kwenye maziwa ya mlimani, wachache zaidi na wa baridi zaidi. Buu huishi kwenye matope ya chini, kisha siku yake ikifika hupanda polepole, huning'inia chini ya uso wa maji akihangaika kujivua gamba, na hatimaye huruka. Ile saa ya kuning'inia ndiyo saa ya trauti. Wapo pia mabuu ya kereng'ende, wanene na wenye nguvu, wanaotambaa kwenye majani ya majini. Alasiri upepo nao huangusha mbawakawa na mchwa waliopotea njia.

Inzi wa mvuvi ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya, nyuzi na wakati mwingine waya mwembamba, ifanane na mmoja wa hao. Anayeelea huitwa mkavu, anayezama huitwa wa maji. Watu huwapenda wakavu kwa sababu unamwona samaki akipasua uso wa maji, na sikatai raha hiyo. Lakini kwa ziwa la mlimani, kwa maoni yangu, siku nyingi ni za wale wa kuzama: buu dogo jeusi au jekundu-kahawia la visubi, na jingine la kijani kichafu mfano wa kereng'ende. Ukiwa na aina nne katika saizi mbili umetosheka. Sanduku la inzi mia moja ni mapambo.

Ugumu wa uvuvi huu unatokana na uzito. Mtoto wa Ggaba anayevua ngege hufunga kijiwe au kipande cha risasi kwenye mshipi, hukizungusha na kukiachia, nacho hukokota mshipi mwepesi nyuma yake. Inzi wa manyoya hana uzito hata wa gramu moja, ukimtupa hivyo ataanguka miguuni. Kwa hiyo mambo yamegeuzwa: uzito umewekwa kwenye kamba yenyewe. Kamba ya namba 5, ambayo inafaa kwa trauti wa maziwa yetu, ina gramu 9 hivi katika mita zake 9 za kwanza, na huo ndio mzigo unaorushwa. Inzi ni abiria tu. Kati ya kamba nene na inzi huwekwa uzi wa nailoni unaopungua unene, wa mita mbili na nusu au tatu, ili samaki asiione kamba na inzi atue taratibu.

Ufito wa mita 2.7 hupindishwa na uzito wa kamba ikiwa hewani, kisha hunyooka na kuituma. Ili upinde, kamba lazima iwe imenyooka nyuma yako kwanza. Wanaoanza hushindwa hapo: hurudisha ufito nyuma na kuusukuma mbele papo hapo, kamba ikiwa bado imejikunja angani, na yote huwaangukia mabegani. Inua, simamisha ufito ghafla ukiwa umepita kidogo tu usawa wa kichwa, subiri kamba inyooke nyuma, ndipo uilete mbele na kuusimamisha tena. Ile subira ya katikati haina hata sekunde mbili, lakini ndiyo kazi yote. Ijifunzie Kampala, kwenye uwanja wowote wenye nyasi, inzi akiwa amekatwa ncha au uzi ukiwa na kifundo cha sufi mwishoni. Kwenda kujifunzia mita 3,000, upepo ukivuma na erika ikinyakua kila inzi nyuma yako, ni kutupa nauli. Mahali erika ilipobana mgongo kabisa kuna mrusho wa kuviringisha: unaburuta kamba juu ya maji hadi iwe tumbo kando ya ufito, kisha unaisukuma ijifungue mbele bila kupita nyuma hata kidogo.

Inzi akishatua, mwache azame. Hesabu polepole hadi kumi, vuta sentimita chache, acha, vuta tena. Buu halikimbii. Mvuto wa samaki mara nyingi huwa kusita tu kwa kamba, kana kwamba imegusa jani, na anayesubiri kishindo hatapata kitu. Inua ufito kwa utulivu. Ukikurupuka utaukata uzi.

Hali ya hewa ya milima ya ikweta ina ratiba ambayo mvuvi ataifurahia akiijua. Majira hapa huja na kuondoka ndani ya saa 24. Alfajiri kuna baridi kali, na juu ya mita 3,500 maji ya kwenye sufuria huweza kuganda nje ya hema. Trauti wakati huo yupo, ila hana haraka. Kuanzia saa tatu asubuhi jua hugusa maji ya kina kifupi, wadudu wa chini huanza kupanda, na hadi saa tano au sita samaki huwa kazini. Kisha mawingu hupanda kutoka bondeni, mlima hufunikwa na mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Jioni, mawingu yakifunguka na upepo ukatulia, kuna nafasi ya pili hadi giza. Anayelala hadi saa nne kwa sababu ya baridi amekosa nusu ya siku, na anayejitesa alfajiri naye hakufaidi sana.

Mtu wa Kampala asidharau mwinuko. Kutoka mita 1,200 hadi 3,470 kwa gari ndani ya siku moja ni kualika maumivu ya kichwa na kichefuchefu, hata kwa kijana mwenye mapafu ya mpira. Lala usiku mmoja Nanyuki au karibu na lango la hifadhi kwanza. Kichwa kikizidi kuuma, au mtu akianza kuyumba, mteremshe bila mjadala. Kuhusu chakula, usipande na maharage makavu: kwenye mita 3,500 maji huchemka yakiwa na nyuzi 88 tu, na utamaliza gesi yote maharage bado yanagonga meno. Chapati na mayai, ile roleksi ya mtaani kwetu, hushinda mlimani kuliko chakula chochote cha pakiti. Erika na nyasi kavu hushika moto upesi, na Mlima Kenya umeshapoteza maeneo makubwa kwa mioto ya namna hiyo, kwa hiyo pika kwa jiko la gesi.

Leseni ya kuvua inahitajika Kenya, mbali na kiingilio cha hifadhi, na idadi na ukubwa wa samaki wa kuchukua vina sheria yake. Ulizia langoni kabla ya kufunga ndoana.

Hapa linakuja jambo linalowachekesha wazee wetu: kumvua samaki na kumrudisha. Nimesikia mtu akiuliza kama ni ibada. Kusema kweli sioni dhambi yoyote kumla trauti. Ni mtamu, nyama yake ina rangi ya waridi, na kwenye kijito ambamo wanazaana kwa wingi mpaka wanadumaa, kuchukua wadogo wachache ni kuwapunguzia msongamano. Ila trauti hutaga kwenye changarawe inayopitiwa na maji yanayotembea. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo haliongezi samaki. Waliomo wamepandwa na mtu, na kila mkubwa anayeliwa ni pengo hadi apandwe mwingine. Kwa hiyo uamuzi wa kula au kurudisha hutegemea ziwa, na anayekupa kanuni moja kwa maji yote hajatazama maji.

Ukiamua kumrudisha, mrudishe akiwa hai kweli. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walichapisha jaribio lao kuhusu trauti wa upinde waliochoshwa kama wanavyochoka kwenye ndoana. Waliochoshwa tu bila kutolewa majini, asilimia 88 walikuwa hai baada ya saa 12. Waliowekwa hewani sekunde 30 baada ya uchovu huo, asilimia 62. Waliowekwa dakika moja, asilimia 28. Dakika moja ndiyo muda wa kawaida wa kumwita rafiki, kutafuta simu mfukoni, kutabasamu na kurudia picha kwa sababu mtu alifumba macho. Samaki yule anaogelea na kuondoka, mvuvi anajisifu kwa huruma yake, na usiku samaki anakufa chini ya ziwa. Bana kile kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza, lowesha mikono ili usimvue ute unaomkinga, mfungue akiwa bado majini, na picha ipigwe naye akiwa majini au isipigwe.

Limebaki swali ambalo kila mara hutokea Waganda wakizungumzia trauti, nalo ni Rwenzori. Tuna Bujuku, Kitandara, Mahoma na maziwa mengine madogo, yote baridi, yote mazuri, baadhi yakiwa karibu mita 4,000. Maziwa ya juu kule hayakuwa na samaki wa asili. Maporomoko yaliwafungia njia. Na mlima unapata joto: barafu ya Rwenzori iliyokadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imebaki chini ya moja kufikia 2003. Maji yaliyokuwa baridi mno kwa trauti yanasogea kuelekea nyuzi anazozipenda. Mwenye kambi ya watalii atasema, basi tupande samaki, wageni waje, vijana wa Kilembe na Nyakalengija wapate kazi ya kuongoza wavuvi. Hoja ya kazi naiheshimu. Hiyo ya kupanda samaki siikubali.

Ziwa lisilo na samaki si ziwa tupu. Lina wadudu, vijidudu vinavyoelea na viumbe vya matope ambavyo havijawahi kukimbia mdomo wa samaki na havijui namna. Katika milima ya Sierra Nevada, California, maziwa ya juu yasiyo na samaki yalipandwa trauti kwa miaka mingi, mengine kwa ndege, ili watalii wafurahi. Vyura wa mlimani wenye miguu ya njano wakatoweka ziwa baada ya ziwa. Vance Vredenburg alipoondoa trauti kwenye maziwa kadhaa, vyura wakarudi haraka, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004. Kule ilihitaji nyavu na miaka ya kazi kufuta kilichofanywa kwa ndoo moja.

Na sisi hatuna haja ya kwenda California kutafuta mfano. Mputa aliingizwa Nyanza miaka ya 1950 na 1960, kwa hoja za chakula na za burudani. Ametuletea viwanda na dola, hilo halina ubishi. Lakini aina nyingi za nkejje, samaki ambao bibi zetu waliwakausha na kuwapa watoto wenye surua, zimekwisha, na hakuna ofisi inayoweza kuzirudisha. Uamuzi ule ulipitishwa na watu waliotazama ziwa na kuona nafasi iliyo wazi.

Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia tangu 1994, na Mamlaka ya Wanyamapori inazo sababu zote za kukataa ombi la kupanda samaki humo, litakapokuja, kwa barua fupi. Wapagazi na waongozaji wana haja ya kujua pia, maana samaki wengi wa kigeni duniani walisafiri kwenye chombo cha plastiki cha mtu mmoja mwenye nia njema. Anayetaka trauti ana Suam, ana Ellis, ana Rutundu, ambako samaki huyo ameshakaa vizazi na hakuna kipya atakachoharibu. Akate leseni, apige goti ukingoni, avue. Kitandara ibaki bila samaki.